Jembe na Kinu pale Karema

Wazee wetu husema, "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe." Wengi huitaja mithali hii kwa kucheka. Lakini pale Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, katika mkoa uitwao leo Katavi, walikuwako wanawake ambao kwao kupewa jembe lilikuwa jambo la heshima.

Ngome ya Karema ilijengwa mwaka 1879 na Wabelgiji, mkubwa wao Cambier. Mwaka 1885 wakawaachia Mapadre Weupe. Siku zile misafara ya watumwa ilikuwa ikipita nchi hizi, na Mapadre wakakomboa watu, hasa watoto na wanawake. Basi ukatokea mji mdogo wa Wakristo, wachache sana katikati ya watu wenye dini na desturi zao.

Tufikiri hali ya mwanamke yule. Minyororo imefunguliwa, lakini jamaa zake ni nani? Hana mama wa kumwita jikoni, wala shangazi wa kumletea unga siku ya arusi. Hata mume alimpata kwa shauri la Mapadre, waliosimama mahali pa baba zake. Uhuru wake ulikuwa bado nusu.

Nusu ya pili aliitafuta kwa jembe na kinu. Waliooana walipewa nyumba na shamba. Mtumwa hula anachopewa. Mwenye shamba hugawa. Mwanamke apelekaye bakuli kwa jirani, nalo likarudi na kitu ndani, amekwisha kupata ndugu, ijapokuwa walizaliwa mbali mbali na kila mmoja alikulia mapishi ya kwao.

Hata Adriano Atiman, mganga mashuhuri, alikuwa amekombolewa utumwani. Alifika Karema mwaka 1889, akaoa huko, akatibu watu hata kufa kwake mwaka 1956.

Jambo hili halikwisha zamani. Baada ya mauaji ya Burundi ya mwaka 1972, wakimbizi wengi waliletwa Katumba, karibu na Mpanda, na baadaye Mishamo, wakapewa mashamba. Mwaka 2014 watu zaidi ya 162,000 wa makazi yale na Ulyankulu walipewa uraia wa Tanzania. Serikali yaweza kumwandika mtu raia. Lakini kumfanya jirani ni kazi ya jiko lako na langu.

Basi tujiulize: katika kijiji chetu, ni mwanamke gani ambaye bakuli letu halijafika mlangoni pake?