Kipuri cha Bei Rahisi, Gharama Kubwa: Mambo ya Kuzingatia kwa Wamiliki wa Magari Kilwa na Lindi

Barabara Kuu ya Dar es Salaam–Lindi–Mtwara ndiyo tegemeo la uchumi wa pwani ya kusini. Humo hupita mabasi ya abiria, malori ya jasi kutoka Wilaya ya Kilwa, magari ya samaki, na misimu ikifika, shehena za ufuta na korosho. Kutoka Dar es Salaam hadi mjini Lindi ni takribani kilomita 450, na sehemu kubwa ya safari hiyo hupita katika vijiji na misitu ambako duka la vipuri ni haba na gereji yenye vifaa kamili ni adimu zaidi.

Umbali huo ndio unaofanya ununuzi wa vipuri katika ukanda huu kuwa jambo la kufikiriwa kwa makini. Kipuri hafifu kikiharibika Kariakoo, mwenye gari hupata kingine ndani ya saa moja. Kikiharibika kati ya Kiranjeranje na Mchinga, gharama yake huongezeka kwa kuvutwa kwa gari, kulala njiani, abiria kurudishiwa nauli na mzigo wa samaki kuoza. Kwa sababu hiyo, bei halisi ya kipuri haipatikani dukani peke yake. Inapaswa kujumlishwa na muda kitakachodumu na hasara itakayotokea siku kitakapokatika.

Barabara imebadilika, na mahitaji ya gari pia

Kabla ya kufunguliwa kwa Daraja la Mkapa katika Mto Rufiji mwaka 2003, magari ya kusini yalivuka kwa kivuko na kupita katika barabara ya udongo iliyokuwa ikikwamisha safari nyakati za masika. Wakati huo, vipuri vilivyoumia zaidi vilikuwa springi, bushi na shokapu. Baada ya lami kukamilika, ikiwamo sehemu ya Ndundu–Somanga yenye urefu wa kilomita 60, mwendo wa magari umeongezeka. Sasa vipuri vinavyobeba mzigo mkubwa zaidi ni breki, matairi na viungo vya usukani.

Mazingira ya pwani nayo huongeza mahitaji. Hewa ya bahari na maji ya barafu yenye chumvi yanayodondoka kutoka magari ya samaki huharakisha kutu katika mabomba ya breki na chini ya bodi. Kwa upande wa bara, katika barabara za udongo kama ile inayotoka Nangurukuru kuelekea Liwale, vumbi jingi huziba chujio la hewa mapema. Kipuri ambacho kingevumilia mjini kwa mwaka mzima huenda kisimalize nusu ya muda huo katika mazingira haya.

Si kila kipuri cha bei ya chini ni bandia

Vipuri vinavyouzwa nchini vinaweza kugawanywa katika makundi manne. La kwanza ni vipuri halisi vinavyotolewa na mtengenezaji wa gari au kwa niaba yake. La pili ni vipuri mbadala, vinavyotengenezwa na viwanda vingine kwa jina lao wenyewe. Vingi kati ya hivyo hukidhi viwango na huuzwa kwa bei nafuu kuliko vile halisi. La tatu ni vipuri vilivyotumika, vinavyotolewa katika magari yaliyobomolewa. La nne ni vipuri bandia, vinavyobeba nembo ya kampuni ambayo haikuvitengeneza.

Makosa hutokea pale mnunuzi anapodhani kwamba ana njia mbili tu, kipuri ghali au kipuri chochote kinachoingia. Kipuri mbadala chenye ubora, chenye jina la mtengenezaji na namba ya kipuri inayolingana na gari, mara nyingi ndicho chaguo linalofaa kwa mwenye kipato cha kawaida. Unafuu ni bei inayolingana na kazi ya kitu. Kitu kisichofanya kazi yake hakina unafuu hata kikiuzwa kwa shilingi elfu tano.

Tatizo la bidhaa bandia halipo Tanzania peke yake. Shirika la Ushirikiano wa Kiuchumi na Maendeleo (OECD) na Ofisi ya Miliki Bunifu ya Umoja wa Ulaya zilikadiria kuwa mwaka 2019 bidhaa bandia zilifikia hadi asilimia 2.5 ya biashara ya dunia. Vipuri vya magari ni miongoni mwa bidhaa hizo.

Kinachotokea ndani ya kipuri hafifu

Pedi ya breki inaweza kufanana kabisa na nyingine kwa umbo na rangi, lakini tofauti imo katika mchanganyiko wa malighafi yake. Gari lililojaa likipunguza mwendo mara kwa mara, joto la pedi linaweza kupita nyuzi 300 za Selisiasi. Pedi bora huendelea kushika katika joto hilo. Pedi hafifu hupoteza mshiko, na dereva hukanyaga breki huku gari likiendelea kwenda. Nyingine hubanduka kutoka katika bati lake, au huwa ngumu kupita kiasi na kuchimba diski, ambayo bei yake ni kubwa kuliko ya pedi zenyewe.

Mafuta ya breki yana hatari isiyoonekana kwa macho, kwa kuwa hufyonza unyevu kutoka hewani, na pwani unyevu ni mwingi. Mafuta ya daraja la DOT 3 yakiwa mapya hayapaswi kuchemka chini ya nyuzi 205, lakini yakishafyonza maji kiwango hicho hushuka hadi nyuzi 140. Yakichemka, mvuke hujaa katika mabomba na kanyagio huzama bila breki kushika. Ndiyo maana mafuta ya kopo lililofunguliwa zamani hayafai, hata yakitolewa bure.

Chujio la oili lililotengenezwa kwa karatasi duni hupitisha uchafu unaokula beringi za injini. Mkanda wa taimingi ukikatika katika injini nyingi, pistoni hugonga vali na injini nzima huhitaji kufunguliwa. Bolijointi au taidirodi ikichomoka gari likiwa katika mwendo, gurudumu hupinda na usukani hauna tena amri juu yake.

Kuhusu matairi, mnunuzi anaweza kusoma umri wa tairi ubavuni mwake. Tarakimu nne za mwisho za alama ya DOT huonesha wiki na mwaka lilipotengenezwa, kwa mfano 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mpira huzeeka hata kama kashata zake bado ni ndefu, hivyo tairi lililokuja na gari lililotumika kutoka nje linaweza kuwa limeshachoka. Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 inapiga marufuku kuingiza matairi yaliyotumika ya magari madogo ya abiria na ya biashara.

Hesabu ya mwaka mmoja

Mfano ufuatao si bei ya soko, bali ni njia ya kukokotoa ambayo kila mmiliki anaweza kuitumia kwa bei za mahali alipo. Chukua gari aina ya Noah linalobeba abiria kati ya Nangurukuru na Lindi. Pedi hafifu zinauzwa shilingi 20,000 na hudumu miezi mitatu. Pedi zenye ubora zinauzwa shilingi 60,000 na hudumu mwaka mzima. Fundi hulipwa shilingi 10,000 kwa kila badiliko, na siku gari linapolala gereji mmiliki hukosa hesabu ya shilingi 40,000.

Kwa mwaka, pedi hafifu zitabadilishwa mara nne. Pedi zitagharimu shilingi 80,000, fundi shilingi 40,000 na hesabu iliyopotea shilingi 160,000, jumla shilingi 280,000. Pedi zenye ubora zitagharimu shilingi 60,000, fundi shilingi 10,000 na hesabu ya siku moja shilingi 40,000, jumla shilingi 110,000. Mmiliki aliyeokoa shilingi 40,000 dukani amepoteza shilingi 170,000 kwa mwaka, kabla ya kuhesabu diski iliyochimbwa.

Hesabu hii ina upande mwingine ambao haupimwi kwa fedha. Mara nyingi anayenunua kipuri siye anayekaa ndani ya gari. Mmiliki huokoa fedha, fundi huenda akaongeza cha juu, lakini dereva na abiria ndio wanaobeba hatari, na abiria hakuulizwa. Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kuwa watu milioni 1.19 hufariki dunia kila mwaka kutokana na ajali za barabarani.

Wapi pa kubana matumizi

Kubana matumizi si kosa, ila kunahitaji kuchagua mahali. Bampa, mlango, kioo cha pembeni, viti na mapambo ya ndani vinaweza kununuliwa vikiwa vimetumika bila kuhatarisha maisha. Vipuri vya breki, usukani, matairi, mikanda ya usalama na mkanda wa taimingi havifai kununuliwa kwa kuangalia bei pekee. Chujio la oili na la hewa ni vya bei ndogo kiasi kwamba kuokoa fedha hapo hakuna maana ukilinganisha na bei ya injini.

Aidha, mwenye gari analoendeshea biashara mbali na mji anashauriwa kununua mapema vipuri vinavyochakaa haraka na kuviweka akiba, badala ya kusubiri dharura. Mwezi Mei 2024, mvua zilizoambatana na Kimbunga Hidaya ziliharibu madaraja katika Wilaya ya Kilwa, likiwamo eneo la Somanga, na mawasiliano ya barabara na Dar es Salaam yakakatika. Katika hali kama hiyo, asiye na akiba hulazimika kufunga chochote kilichopo.

Hatua za kuchukua wakati wa kununua

Mnunuzi anapaswa kwenda na namba ya chesesi ya gari au kipuri cha zamani ili kulinganisha namba, uzito na umbo. Maandishi yaliyokosewa tahajia kwenye boksi, chapa iliyofifia, kukosekana kwa jina la mtengenezaji na bei iliyo chini mno kuliko maduka mengine ni dalili za kutiliwa shaka. Anayemtuma fundi adai kurudishiwa kipuri cha zamani, boksi la kipya na risiti ya mashine ya kielektroniki (EFD). Pasipo risiti, mnunuzi hana ushahidi wa kudai haki yake.

Vilevile, kila gari la biashara linafaa kuwa na daftari la matengenezo lenye tarehe, kilomita, aina ya kipuri, duka na bei. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Baada ya mwaka mmoja, daftari hilo litamwonesha mmiliki ni kipuri kipi kilimfaa na kipi kilimla.

Mamlaka zinazohusika

Shirika la Viwango Tanzania (TBS) husimamia ubora wa bidhaa chini ya Sheria ya Viwango Na. 2 ya mwaka 2009, na ofisi yake ya Kanda ya Kusini ipo Mtwara. Tume ya Ushindani (FCC) hushughulikia bidhaa bandia chini ya Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963, pamoja na kumlinda mlaji chini ya Sheria ya Ushindani Na. 8 ya mwaka 2003. Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini (LATRA), iliyoanzishwa kwa Sheria Na. 3 ya mwaka 2019, hudhibiti usafiri wa abiria kibiashara, na Jeshi la Polisi Kikosi cha Usalama Barabarani hukagua magari.

Mwananchi aliyeuziwa kipuri anachokitilia shaka anapaswa kuacha kukitumia, kukitunza pamoja na boksi na risiti yake, na kutoa taarifa TBS au FCC. Abiria anayebaini gari lina hitilafu ya breki au tairi lililoisha ana haki ya kukataa kuendelea na safari na kutoa taarifa kwa askari wa usalama barabarani au ofisi ya LATRA ya mkoa.