Mwamba na Mfereji: Historia ya Maji ya Nyumbani Kisauni, Mombasa

Ardhi ya Mombasa, kisiwani na hata ng'ambo ya kaskazini kuanzia Nyali na Kisauni hadi Bamburi, imelala juu ya mwamba wa matumbawe ya kale, yaani mawe ya chokaa yaliyojengwa na viumbe wa baharini katika zama ambazo bahari ilikuwa juu kuliko ilivyo leo, na historia ya maji ya mji huo haieleweki bila kuanzia mwambani. Maji ya mvua huchukua hewa ya ukaa angani na udongoni yakawa asidi hafifu, na asidi hiyo, ikipenya katika matundu ya mwamba, huuyeyusha kidogo kidogo. Maji yaliyobeba kalsiamu na magnesiamu kwa wingi ndiyo wataalamu huyaita maji magumu, na kwa kipimo kinachotumika sana yale yanayozidi miligramu 180 kwa lita, zikihesabiwa kama kalsiamu kaboneti, huwekwa katika daraja la magumu mno. Mwamba huohuo ulikatwa mawe ya kujengea nyumba na misikiti, ukachomwa kuwa chokaa, na tangu miaka ya 1950 ukasagwa kuwa saruji huko Bamburi, hivyo ukoko mweupe unaoganda ndani ya sufuria na ukuta wa nyumba ya kale vina asili moja.

Ugumu, hata hivyo, si uchumvi, ingawa mambo haya mawili mara nyingi hukutana katika kisima kimoja. Ugumu hutoka katika mwamba na hujulikana kwa sabuni isiyotoa povu. Uchumvi hutoka baharini na hujulikana kwa ulimi. Chini ya ardhi ya pwani maji ya mvua, kwa kuwa ni mepesi, huelea juu ya maji ya bahari kama mafuta juu ya mchuzi, na wanasayansi wa Ulaya waliolichunguza jambo hili mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20 walikadiria kwamba kila mita moja ya maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, iliyo juu ya usawa wa bahari hulingana na mita 40 hivi za maji baridi zilizo chini ya usawa huo. Kanuni hiyo ina ukali wake, kwa sababu anayevuta maji kupita kiasi akaushusha uso wake kwa nusu mita tu huikaribisha chumvi ipande mita nyingi kutoka chini, na kwa kuwa maji ya bahari yana magnesiamu nyingi, chumvi inapopanda ugumu nao huongezeka.

Wakazi wa kale waliyajua hayo kwa mazoea. Msafiri Ibn Battuta, aliyefika Mombasa mwaka 1331, aliandika kuhusu visima vifupi vilivyokuwa kwenye milango ya misikiti, ambavyo maji yake yalitekwa kwa chombo cha mti kilichofungwa kwenye kijiti. Visima vya kina kidogo namna hiyo, vinavyotekwa kwa mkono, huchota tabaka la juu lililo baridi na kuiacha chumvi ilale. Wareno walipojenga Ngome ya Yesu kati ya 1593 na 1596 walijikuta juu ya mwamba uleule, na ndani ya ngome hiyo limebaki hadi leo birika kubwa lililovuna maji ya mvua, ushahidi wa wazi kwamba kisima hakikutosha kwa kunywa.

Mabadiliko makubwa yaliletwa na mabomba. Mwanzoni mwa karne ya 20 serikali ya kikoloni ilianza kuvuta maji ya chemchemi za Marere kutoka Shimba Hills, vilima vya mawe ya mchanga ambavyo havina chokaa nyingi ya kuyafanya maji kuwa magumu, na katika miaka ya 1950 likajengwa bomba la chemchemi za Mzima, lenye urefu wa takribani kilomita 220, lililoleta maji yaliyochujwa na miamba ya volkano ya vilima vya Chyulu. Kwa njia hii mji uliazima miamba ya mbali ili kuukwepa mwamba wake wenyewe. Lakini bomba la Mzima lilikadiriwa kubeba takribani mita za ujazo 35,000 kwa siku, tena likigawa maji njiani kwa miji kama Voi, na lilipangwa kwa mji ambao hata mwaka 1969 ulikuwa na watu wapatao 247,000 tu, ilhali sensa ya 2019 ilihesabu zaidi ya milioni 1.2.

Kisauni ndiyo iliyoubeba mzigo wa tofauti hiyo. Daraja jipya la Nyali lilipofunguliwa mwaka 1980 badala ya lile la kuelea la 1931, kuvuka kulikuwa rahisi na watu wakajenga kwa kasi kuliko mabomba yalivyoweza kuwafuata. Maji ya Baricho, yanayovutwa kutoka mchanga wa kando ya Mto Sabaki na kuja kwa njia ya Kilifi, yaliusaidia upande wa kaskazini, ila mfereji ulitoa maji kwa zamu na siku nyingi ulikauka. Ndipo kisima kikarudi, safari hii kikiwa na pampu ya umeme, na nyumba nyingi zikaingia katika desturi ya maji mawili: ya kisima kwa kuoga, kufua na chooni, na ya mfereji, au yale yanayouzwa kwa mitungi ya lita 20 juu ya mkokoteni, kwa kunywa na kupikia chai.

Hasara ya maji magumu peke yake huvumilika. Shirika la Afya Duniani halikuweka kikomo cha ugumu kwa sababu za kiafya, na sehemu ya ugumu huo, ile inayoitwa ya muda, huondoka kwa kuchemsha. Hatari ya kweli ya Kisauni ni nyingine, na inasikitisha kwamba huzungumzwa kidogo kuliko sabuni: matundu yanayopitisha mvua haraka hupitisha pia uchafu wa vyoo vya shimo vilivyochimbwa hatua chache kutoka visimani, na mwamba wenye mianya mipana hauchuji vijidudu kama mchanga unavyoweza kuchuja. Kuchemsha huua vijidudu hao, lakini hakuondoi naitreti inayotokana na kinyesi, ambayo ni hatari hasa kwa watoto wachanga wanaolishwa maziwa yaliyokorogwa kwa maji hayo, na naitreti haina rangi, harufu wala ladha ya kumwonya mama wa mtoto.