Tarehe ya San Gimignano, Mji wa Minara

Anayekwenda San Gimignano huiona minara kabla hajauona mji. Leo imesimama 14 juu ya kilima cha Toscana, katikati ya mizabibu na mizeituni. Zamani, wenyeji husimulia, ilikuwa 72.

Mji ulipewa jina la Geminianus, askofu mtakatifu wa Modena, lakini kilichoulisha ni barabara. Via Francigena, njia ya mahujaji wa kaskazini waendao Roma, ilipita ndani ya kuta zake. Mnamo mwaka 990, Sigeric, Askofu Mkuu wa Canterbury, aliutaja miongoni mwa vituo vyake alipokuwa akirejea kutoka Roma. Nyuma ya mahujaji wakaja wafanyabiashara. Mwaka 1199 wenyeji walijitoa katika mamlaka ya askofu wa Volterra, wakajitawala.

Utajiri wao mwingi ulitokana na zafarani. Nyuzi zake nyekundu hunyofolewa kwa mkono kutoka kwenye ua dogo la zambarau, na kilo moja iliyokauka hudai maua zaidi ya laki moja. Mzigo ni mdogo, bei ni kubwa. Faida ikageuzwa mawe.

Nao wakajenga kwenda juu, maana ndani ya kuta nafasi ilikuwa finyu na kimo cha mnara kilitangaza cheo cha ukoo. Mnara ulikuwa pia ngome siku za fitina, na fitina hazikukoma: akina Ardinghelli walikuwa upande wa Papa, akina Salvucci upande wa Kaisari. Mwaka 1255 utawala wa mji ulipiga marufuku mnara wowote wa mtu binafsi kuupita Rognosa, mnara wa serikali wenye mita 51. Minara pacha ya akina Salvucci ingalipo. Ya akina Ardinghelli iko kwenye uwanja wa Piazza della Cisterna, penye kisima cha mwaka 1273.

Tarehe 8 Mei 1300 mshairi Dante Alighieri alifika akiwa balozi wa Firenze, akalihutubia baraza la mji ili lijiunge na muungano wa miji iliyomuunga mkono Papa. Mnara wa jumba la baraza hilo, Torre Grossa, ulikamilika mwaka 1311 ukiwa na mita 54, na mgeni wa leo huruhusiwa kuupanda.

Kisha ikaingia tauni ya 1348.

Watu wengi walikufa, biashara ikadorora, na mwaka 1353 mji ukajiweka chini ya Firenze. Katika miji tajiri, minara ya koo ilikatwa au kubomolewa kupisha majumba mapya. Hapa fedha za kubomoa na kujenga upya hazikuwapo, na hivyo sura ya karne ya 14 ikabaki hadi UNESCO ilipouingiza mji katika Urithi wa Dunia mwaka 1990.

Wachoraji hata hivyo waliendelea kuitwa. Katika kanisa la Sant'Agostino, Benozzo Gozzoli alichora maisha ya Mtakatifu Augustino, Mwafrika aliyezaliwa Thagaste, katika Algeria ya leo; picha ya kwanza inawaonyesha wazazi wakimkabidhi mtoto kwa mwalimu. Kanisani humohumo, mwaka 1464, alimchora Mtakatifu Sebastiano akiwafunika wenyeji kwa joho lake dhidi ya mishale ya mbinguni. Tauni ilikuwa imerudi.