Vita Vilivyofika Jikoni: Uingereza na Mgawo wa Chakula

Vita vya dunia havipiganwi na askari peke yao. Nyuma yao lazima awepo wa kulima, wa kuunda risasi na wa kulisha watoto. Tuangalie Uingereza katika Vita Kuu ya Pili, 1939 hadi 1945.

Kabla ya vita, zaidi ya nusu ya chakula cha nchi hiyo kilitoka ng'ambo. Nyambizi za Ujerumani zilipoanza kuzamisha meli za mizigo, njaa ikawa tishio.

Septemba 29, 1939 serikali iliandikisha watu nyumba kwa nyumba. Orodha hiyo ndiyo iliyotumika kutoa vitabu vya mgawo. Januari 8, 1940 mgawo ukaanza kwa sukari, siagi na nyama ya nguruwe. Nyama nyingine, majani ya chai na nguo vikafuata.

Ulifanyaje kazi? Kila familia ilijiandikisha kwenye duka. Mwenye duka aliletewa bidhaa kulingana na idadi ya wateja wake, naye alikata kuponi kila walipochukua. Hata uwe na fedha, bila kuponi hupati. Majani ya chai yalikuwa takriban gramu 57 kwa mtu kwa wiki. Familia ya mfalme nayo ilipewa vitabu. Wajawazito na watoto wadogo walitangulizwa kwa maziwa. Ulanguzi ulikuwepo, na waliokamatwa walishtakiwa.

Bustani za maua zikalimwa viazi. Desemba 1941 sheria ikapitishwa ya kuwaita kazini kwa lazima wanawake wasioolewa wa miaka 20 hadi 30.

Na huku kwetu? Mwaka 1942 Japani iliteka Ufilipino na visiwa vya Indonesia, vilivyokuwa vikitoa katani nyingi. Kamba za meli sasa zikategemea mkonge wa Afrika Mashariki. Serikali ya kikoloni Tanganyika ikawachukua maelfu ya watu kwa lazima kufanya kazi mashambani. Vita haikuwa yao, lakini jasho lilikuwa lao.

Mgawo ulimalizika Julai 4, 1954, miaka 9 baada ya vita. Waingereza waliuvumilia kwa sababu mtu alijua jirani yake anapimiwa kwa kipimo kilekile. Mtanganyika aliyepelekwa shambani hakupimiwa kwa kipimo hicho.

Msikilizaji, kama kwenu yupo mzee anayezijua habari za kazi za lazima wakati wa vita, keti naye akusimulie mapema.