Kwinini ya Usambara na Nuru Izungukayo Kushoto

Juni 1916 majeshi ya Jenerali Smuts yaliingia Korogwe, na siku chache baadaye Handeni. Malaria iliwaangusha wengi kuliko risasi. Wajerumani, waliofungiwa bahari na Waingereza, walijitengenezea kwinini kwa magome ya mikwinini ya Usambara, wakisaidiwa na wataalamu wa Amani, kituo kilichoanzishwa 1902. Walipofukuzwa huku kwetu wakachemsha magome porini. Dawa ile chungu askari waliipa jina la kamanda wao, Lettow-Vorbeck.

Sasa nyinyi vijana wa Kemia. Mwaka 1815 Mfaransa Biot alionyesha kwamba vimiminika fulani huzungusha nuru iliyochujwa itetemeke upande mmoja tu. Mzunguko mahususi wa kwinini ndani ya alkoholi ni kama nyuzi 165 kushoto. Zidisha kwa urefu wa bomba (desimita) na gramu kwa kila mililita. Gramu 1 katika mililita 50, bomba la desimita 2: 165 × 2 × 0.02 = nyuzi 6.6. Ukisoma 3.3, usikimbilie kusema kwinini ni nusu! Gome lina pia kwinidini, dawa ya moyo, nayo huzungusha kulia.

Hao ni ndugu tu. Mapacha halisi, mfano wa mkono wa kulia na wa kushoto, hufutana sawasawa: 75 kwa 25 hubakisha nusu ya mzunguko, 50 kwa 50, sifuri. Mwaka 1853 Pasteur aliwatenganisha mapacha wa asidi ya tatariki kwa kutumia dawa zitokanazo na mkwinini huo huo.