Jua la Moro na kipimo cha vitamini D

Wadau, kuna dada mmoja wa mjini, jina tunaliweka kapuni. Mzima kabisa, ila kaambiwa akapime vitamini D. Hapa Moro, jua lote hili? Tuanzie mbali kidogo.

Jina "vitamini D" lilitolewa na McCollum, Marekani, mwaka 1922, enzi ambazo watoto wa miji yenye moshi kule Ulaya walikuwa wanapata matege kwa kukosa jua. Kipimo cha damu kilikuja baadaye sana, na ugomvi ukaanza. Mwaka 2011 wataalamu wa Marekani wakagawanyika: hawa wakasema 50 inatosha, wale wakataka 75. Yaani mtu mwenye 60 ni mzima kwa hawa, ana upungufu kwa wale!

2012 yakatoka majibu ya kwetu Tanzania: Wamasai na Wahadzabe 60 walipimwa, wastani 115. Wengine wakaona hiyo ndiyo shabaha ya kila mtu. Lakini kuwa chini ya mtu anayeshinda porini si ugonjwa.

Utafiti wa VITAL wenye Wamarekani 25,871 ukaonyesha mwaka 2022 kwamba vidonge havikupunguza kuvunjika mifupa kwa wazima. 2024 wale wale wa 75 wakaiacha namba yao, wakashauri wazima wasipimwe ovyo.

Mwenye ugonjwa wa figo, ini, au mtoto mwenye matege, huyo amsikilize daktari. Ila wewe mzima, kabla hujatoa hela, uliza: majibu yatabadilisha nini?