Mikono Inayozunguka Meza ya Upasuaji

Leo tunazungumzia kazi ambayo watoto wetu wengi hawaijui kwa jina lake: kumhudumia mgonjwa ndani ya chumba cha upasuaji. Mtoto akiulizwa atakuwa nani, anajibu "munganga" au "anfirmie". Ni nadra aseme: "Mimi nitakuwa yule anayemlaza mgonjwa kwa dawa ya usingizi na kuhakikisha ameamka."

Hapa kwetu tunajua maana ya kukosa mtu huyo. Mama akishindwa kujifungua usiku, anabebwa kwa tipoyi kutoka kilimani hadi barabarani, halafu inatafutwa pikipiki ya kumfikisha Kirotshe au Goma. Mwanzoni mwa 2023, vita vilipopiga Karuba na Mushaki, hata barabara hiyo haikuwa ya kutegemea. Kwa mama wa namna hiyo, swali la nani amesomea kazi hii, na yuko wapi, ni swali la uhai wake.

Kazi yenyewe ni ya zamani katika eneo letu la Maziwa Makuu. Mwaka 1879, mgeni kutoka Uingereza aliyesomea uganga, Robert Felkin, alikuwa Bunyoro, ng'ambo ya Ziwa Albert, katika Uganda ya leo. Huko alishuhudia mwanamke kijana akipasuliwa tumbo ili mtoto atoke. Mwaka 1884 alichapisha habari hiyo, na wasomi wa Ulaya wakashangaa.

Tuangalie alichokiona. Mwanamke alinyweshwa pombe ya ndizi ili maumivu yapungue. Mpasuaji alinawa mikono kwa pombe hiyohiyo, kisha akaosha tumbo la mama. Msaidizi mmoja alimshika miguu, mwingine alishikilia tumbo. Damu ilizuiwa kwa chuma cha moto. Kidonda kilifungwa kwa misumari myembamba ya chuma na kamba ya magome ya mti, kikapakwa dawa ya mizizi. Siku ya kumi na moja kilikuwa kimepona, na mama na mtoto walikuwa wazima. Dawa ya kupunguza maumivu, usafi wa mikono, wasaidizi wenye kazi zao, uangalizi baada ya kupasuliwa: ndiyo mambo yanayofundishwa mpaka leo. Felkin hakutuachia majina ya wale wasaidizi, lakini bila wao mama yule asingeishi.

Baadaye ukoloni wa Wabelgiji ulileta hospitali na shule zake. Mwaka 1936 ilifunguliwa Léopoldville, Kinshasa ya leo, shule ya wasaidizi wa waganga kwa ajili ya Wakongomani. Walisoma miaka mingi, wakafanya kazi nzito, lakini mlango wa kuwa munganga kamili ulikuwa umefungwa. Tarehe 30 Juni 1960, siku ya uhuru, nchi nzima haikuwa na munganga Mkongomani mwenye shahada ya udaktari. Kisha fujo zikaanza na waganga wengi wa Ulaya wakaondoka. Shirika la Afya Duniani, OMS, lilituma makumi ya wasaidizi wale Ufaransa wakamalize masomo yao. Wakati huo wagonjwa nyumbani walibaki mikononi mwa wauguzi. Hapo nchi ilijifunza kwa uchungu: mgeni akiondoka, kinachobaki ni kile ambacho mwenyeji amefundishwa.

Vita navyo vimetupa somo lingine. Tarehe 6 Oktoba 1996, hospitali ya Lemera katika Kivu Kusini ilishambuliwa. Wagonjwa waliuawa vitandani, na wauguzi pamoja nao. Munganga mkuu wa hospitali hiyo alikuwa Denis Mukwege. Mwaka 1999 alianzisha hospitali ya Panzi, Bukavu, na mwaka 2018 akapewa tuzo ya Nobel ya amani. Jengo la Lemera liliharibiwa, lakini elimu iliyokuwa kichwani mwake ilivuka naye ikaanza kazi mahali pengine.

Goma nayo ina historia yake. Mwaka 2000, munganga wa mifupa Jo Lusi na mkewe Lyn walianzisha kituo cha kufundisha waganga Wakongomani, ambacho leo tunakiita HEAL Africa. Januari 2002 Nyiragongo ulilipuka, moto wa mlima ukaharibu majengo yao. Walijenga upya. Tangu 2012, timu ya upasuaji ya Msalaba Mwekundu wa kimataifa, CICR, imekuwa ikiwatibu majeruhi wa vita bega kwa bega na wenyeji katika hospitali ya CBCA Ndosho. Na Masisi mjini, hospitali kuu ya rufaa imepata msaada wa MSF tangu 2007.

Sasa, ndani ya chumba hicho nani anafanya nini? Munganga anapasua. Mwuguzi wa dawa ya usingizi anamlaza mgonjwa, anafuatilia pumzi, mpigo wa moyo na damu yake, halafu anamwamsha. Mwuguzi wa vyombo anampa munganga mkasi na uzi, na kuhesabu kila sindano na kila kitambaa kabla tumbo halijafungwa. Mwingine anazunguka kuleta kinachohitajika. Mwingine anachemsha vyombo kwa mvuke mkali ili kuua vijidudu. Mwingine anakaa na mgonjwa mpaka akili zirudi.

Msifikiri kuhesabu vitambaa ni jambo dogo. Hospitali nane duniani, mojawapo ikiwa ya Ifakara nchini Tanzania, zilijaribu orodha ya OMS ya usalama wa upasuaji. Timu inasimama mara tatu kuulizana: kabla ya dawa ya usingizi, kabla ya kukata, na kabla mgonjwa hajatoka. Je, huyu ndiye mgonjwa mwenyewe? Tunapasua wapi? Vyombo vimetimia? Matokeo yalitangazwa mwaka 2009: vifo vilishuka kutoka 1.5 hadi 0.8 kwa kila wagonjwa 100, na matatizo baada ya upasuaji kutoka 11 hadi 7. Hakukuhitajika mashine ya bei kali. Zilihitajika karatasi moja na watu waliofundishwa kusema wanapoona kosa, hata mbele ya mkubwa wao.

Njia ya masomo kwetu inajulikana. Mtoto anaanza katika shule ya sekondari ya uuguzi, ITM, anapata diploma na kuitwa A2. Kisha anaweza kuendelea ISTM, Goma, Bukavu au kwingine, kwa ngazi ya A1 na zaidi. Baadhi ya ISTM zina tawi la dawa ya usingizi na uangalizi wa wagonjwa mahututi; uliza kabla ya kujiandikisha. Kazi ya vyombo wengi huijifunza hospitalini, wakiwa wauguzi tayari. Kemia, biolojia na hesabu ni lazima, kwa sababu kipimo cha dawa kikikosewa kidogo kinaua.

Wazazi mliohama, najua karo ni mzigo na wengine watoto wenu wamepoteza mwaka mzima. Lakini zitunzeni buletini na vyeti vyao, vifungeni katika plastiki, na mnapokimbia vitoke pamoja nanyi. Mahali popote mtakapofika, mwulizeni mkuu wa shule kama mtoto anaweza kupokelewa. Msichana anayependa sayansi asitolewe kwanza ili kaka yake asome.

Ng'ombe wanaporwa, nyumba inachomwa, shamba linabaki nyuma. Alichosomea mtu hakiachwi barabarani. Siku Karuba itakapotulia na watu kurudi, tutahitaji mikono ya kuzunguka meza ile. Mikono hiyo leo ina umri wa miaka kumi na miwili, na pengine imeshika ndoo ya maji kambini.